Nusu Saa ya Benchi

Hakuwa na bima. Hakuwa na gari wala baiskeli, tangu ile ya zamani ilipooza kwa kutu ikauzwa kwa kilo. Kila siku, ikifika saa nne asubuhi, hakuwa na leso kavu hata moja. Hakuwa na pua ya kunusia: mkewe angeweza kuunguza sufuria nzima ya maharage naye akaendelea kugonga misumari chumba cha pili, akijiuliza moshi ule unatoka kwa jirani gani. Hakuwa na usingizi wa kulala chali. Hakuwa na cheti cha ufundi, ingawa mikono yake ilikuwa imevisha makochi ya watu wenye vyeti ukuta mzima. Na tangu Jumatatu ile alipotoka kliniki, hakuwa na jibu. Hilo ndilo lililomkosesha raha kuliko yote, maana alikuwa mtu aliyezoea kuwa nalo.

Watu walimwita Mzee Sampuli, na jina hilo alilipata kwa jasho. Alikuwa fundi wa makochi, na hakuna mteja aliyekatiwa kitambaa kabla hajapewa vipande vitatu vya kwenda navyo nyumbani.

"Kavitandike kwenye kiti chako, uvikalie wiki nzima," angemwambia. "Kitambaa dukani kina sura tu. Tabia yake utaiona nyumbani."

Wateja walinung'unika kwamba anawachelewesha, lakini walirudi. Katika miaka thelathini na moja hakuna kochi lililorudishwa kwa sababu ya rangi. Na akishataja siku ya kukabidhi kazi, siku hiyo haikumponyoka. Aliwahi kujitwika kiti cha bwana harusi kichwani, mvua ikinyesha, akakifikisha kikavu chini ya turubai, yeye mwenyewe amelowa kama kuku aliyetoka mtaroni.

Sasa daktari alikuwa amemwambia kwamba ugonjwa wake ulitokana na kazi hiyohiyo.

"Ndani ya makochi ya zamani mna vijidudu vidogo sana, macho hayavioni," daktari alieleza. "Vinaishi kwenye vumbi, vinakula vipande vya ngozi tunavyopukutisha. Mwili wako unavichukia. Na wewe kila siku unapasua kochi na kuvifungulia mlango."

"Miaka yote hii mbona vilikuwa vinanivumilia?"

"Wewe ndiye uliyekuwa unavivumilia, mzee. Sasa mzio umetoka puani, unashuka kifuani. Huo mluzi ninaousikia ukivuta pumzi ndio mwanzo wa pumu."

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, kufunga karakana na kutogusa tena kochi la zamani. Ya pili, kuufundisha mwili: unaulisha kile kile unachokichukia, kidogo kidogo, mpaka ukizoee. Masomo hayo yalikuwa ya miaka mitatu, na yalikuwa na milango miwili. Unaweza kuja kliniki kuchomwa sindano, kisha ukae nusu saa ukiangaliwa, isije dawa ikakugeuka. Au unaweza kuweka matone chini ya ulimi kila asubuhi, nyumbani kwako, ukiisha kupewa lile la kwanza mbele ya daktari.

Fundi aliitikia kwa kichwa kila sentensi, kama mteja anavyoitikia akielezwa tofauti ya sponji nzito na sponji nyepesi. Alitoka na karatasi yenye safu mbili, na agizo moja: dawa huagizwa kutoka mbali kwa jina la kila mgonjwa, kwa hiyo alete jibu kwa maandishi, na sahihi yake, kabla ya mwisho wa mwezi. Akichelewa, atasubiri agizo lingine baada ya miezi sita.

"Kifua chako sikishauri kisubiri," daktari alisema.

Jumapili mchana watu watatu waliizunguka karatasi ile mezani: fundi, mkewe, na binti yao, karani wa duka la vifaa vya ofisi, aliyekuja na simu yake kwa ajili ya hesabu.

Shida ilianza pale pale, kwa sababu kila mmoja alikuwa na kipimo chake. Binti alihesabu kwa fedha. Mama, aliyekuwa akiuza vyombo sokoni kila siku mpaka saa saba, alihesabu kwa magunia ya unga. Fundi alihesabu kwa makochi, maana hiyo ndiyo fedha pekee aliyoijua uzito wake.

"Sindano moja ni sawa na kuvisha kiti kimoja cha mezani," alisema. "Viti sita ni kochi moja la watu wawili. Kila wiki sindano, miaka mitatu... sindano mia na hamsini na sita. Makochi ishirini na sita! Na kila nikienda, karakana inafungwa nusu siku. Kochi la watu wawili ni kazi ya siku tatu, kwa hiyo makochi ishirini na sita mengine. Na nauli ya basi, sita na nusu." Aliweka penseli chini. "Makochi hamsini na nane na nusu. Mke wangu, mimi naona nife tu, itakuwa nafuu."

"Mazishi nayo yana bei yake," mkewe alijibu. "Usikimbilie huko kabla hujauliza."

"Baba, soma mstari wa chini," binti alisema. "Ni kila wiki kwa wiki kumi na sita tu. Halafu ni mara moja kwa mwezi."

"Wapi pameandikwa?"

"Hapa. Chini ya kidole chako."

Fundi aliondoa kidole. Kweli, palikuwa pameandikwa. Hesabu ikaanza upya: kumi na sita na thelathini na mbili, sindano arobaini na nane. Makochi manane ya dawa, manane ya nusu siku zilizopotea, mawili ya nauli. Kumi na manane.

"Hapo sasa!" alisema, akifurahi kama mtu aliyesamehewa makochi arobaini. "Na matone je?"

"Chupa moja ni bei ya kochi la watu wawili, kwa lugha yako," binti alisema. "Inakaa miezi miwili. Miaka mitatu ni chupa kumi na nane."

Simu ya binti ilizima taa yake.

"Kumi na nane na kumi na nane," fundi alisema polepole.

"Zimelingana."

"Haziwezi kulingana. Rudia."

Binti alirudia, zikalingana. Mama akarudia kwa magunia ya unga, akapata kwamba sindano ni nafuu kwa gunia moja, kisha akagundua kwamba amesahau nauli ya kurudi.

"Kwanza hamjahesabu wateja," mama alisema. "Mteja akikuta mlango umefungwa, anavuka barabara kwa yule kijana mwenye mashine mpya. Huyo unamwandika wapi?"

"Na sindano inauma," binti aliongeza.

"Maumivu hayahesabiki."

"Ndiyo maana nimesema, baba."

"Na chupa ikianguka ikavunjika?" mama akauliza.

Fundi alishika kichwa. Alikuwa amesoma hesabu shule ya jioni akiwa mtu mzima mwenye ndevu, na tangu hapo aliamini kwamba hesabu haimtupi mtu aliyeihangaikia. Leo ilikuwa imemfikisha njia panda, ikamwacha hapo na kwenda zake. Aliikunja karatasi, akaiweka mfukoni.

"Basi nitafanya kama ninavyowafanyia wateja," alisema. "Nitachukua sampuli. Wiki moja ya matone, wiki moja ya sindano. Tabia tutaiona nyumbani."

"Utachukua sampuli ya sindano?" binti aliuliza. "Watakupa?"

"Dawa siihitaji. Nataka kupima usumbufu."

Mama na binti walitazamana. Mama alitikisa kichwa kidogo, kumwambia binti aache.

Jumatatu mkewe alimjazia maji yaliyochemshwa kwenye kichupa kilichowahi kuwa cha dawa ya macho. Masharti aliyaweka fundi mwenyewe: tone moja kabla ya chai, dakika mbili bila kumeza wala kuzungumza, na mtu yeyote asimkumbushe. Kila siku atakayofaulu atachora mstari wa chaki kwenye fremu ya mlango wa karakana.

Jumatatu alichora. Jumanne, tone likiwa chini ya ulimi, mteja aliingia.

"Shikamoo, fundi!"

"Mmm."

"Kochi langu limekwisha?"

"Mmm-mmm."

"Mbona leo umeninunia? Kama ni ile baki, nimekuja nayo!"

Fundi alinyanyua vidole viwili kumwonyesha dakika mbili. Mteja akaelewa siku mbili, akaondoka, na baki yake mfukoni. Hata hivyo mstari ulichorwa.

Jumatano kochi kubwa lilikuwa likingoja springi, akakumbuka tone saa sita mchana. Alhamisi alichora. Ijumaa alisahau kabisa. Jumamosi alichora. Jumapili kichupa kilipotea, wakakipata jioni kwenye mfuko wa aproni pamoja na misumari midogo, kimetoboka.

"Siku nne kati ya saba," fundi alisema mbele ya fremu. "Si haba. Ni zaidi ya nusu."

"Alhamisi nilikohoa," mkewe alisema.

"Pole. Una mafua?"

"Sina mafua. Nilikohoa karibu na kichupa. Na Jumamosi niliangusha kijiko karibu nacho."

Fundi alizitazama chaki zake nne. Polepole alinyanyua kidole akafuta mbili. Huyu mtu hakuwahi kuvunja miadi na mteja hata mmoja, na wiki nzima alikuwa amejivunjia miadi yake mwenyewe. Hilo hakulielewa. Alilala nalo, akaamka nalo.

Jumanne iliyofuata alifunga karakana, akabandika karatasi mlangoni: *Nimetoka kwa majaribio. Nitarudi saa saba.* Alipanda basi, akashuka, akatembea, akaingia kliniki. Hakwenda dirishani, kwa kuwa hakuwa na shida na mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye benchi refu la kusubiria, akakaa katikati ya watu walioshika pamba mikononi, akatazama saa ya ukutani. Saa nne na dakika kumi. Nusu saa ilianza.

Dakika ya tano alipiga chafya. Ya nane, tatu mfululizo. Dakika ya kumi na mbili macho yalianza kuwasha, leso ikalowa, na ule mluzi wa kifuani ukaanza kama birika linalokaribia kuchemka. Alishangaa. Alikuwa ameiacha karakana mwendo wa basi zima. Je, vijidudu vilikuwa vimepanda naye?

Muuguzi wa zamu, dada mnene mwenye saa iliyoning'inia kifuani, alimwona na kumjia kasi.

"Mzee! Umechomwa saa ngapi?"

"Sijachomwa."

"Mkono gani?"

"Hakuna."

"Nani amekuchoma?"

"Sista, nimesema sija... chyaa!... sijachomwa."

"Amechanganyikiwa!" muuguzi aliita kuelekea ndani. "Daktari! Mgonjwa anageukwa na dawa, na hakumbuki amechomwa wapi!"

Kabla hajajieleza, fundi alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha chumba cha ndani, mkono mmoja umefungwa kipimo cha presha, mwingine ukikaguliwa kutafuta tundu la sindano. Daktari alifika na faili lisilo na kitu.

"Mzee, huyu ni wewe kweli? Hujaanza matibabu. Umekuja kufanya nini?"

"Kusubiri."

"Kusubiri nini?"

"Nusu saa."

Daktari alimtazama muuguzi. Muuguzi alitazama saa yake, kana kwamba jibu lingekuwa humo.

Fundi akajieleza, chafya zikimkatiza: kitambaa, vipande vitatu, wiki ya matone, wiki ya sindano. Aliposema amekuja kulijaribu benchi, alinyamaza ghafla. Alisikia pua yake inafunguka. Kifua nacho kilikuwa kimetulia. Chumba hiki kilikuwa na kitanda cha chuma na godoro la ngozi ya plastiki, basi.

"Niruhusuni niliangalie benchi lenu," alisema.

Walimfuata hadi ukumbini, daktari, muuguzi, na macho ya wagonjwa wote. Fundi aliomba watu wasimame. Alijifunga leso usoni, akapitisha kidole gumba kwenye mshono wa kitambaa, akabonyeza kiti kwa kiganja. Vumbi jepesi lilipanda na kuelea kwenye mwanga wa dirisha.

"Sponji hii ina miaka mingapi?"

"Mimi nimeikuta," muuguzi alisema. "Nina mwaka wa kumi na nne hapa."

"Na iliwahi kufumuliwa?"

"Ifumuliwe kwa nini? Huwa tunaifuta kwa kitambaa chenye maji."

"Mnavinywesha," fundi alisema. "Daktari, vijidudu vyako ulivyovitafuta kwangu, hapa ndipo kwenye makao makuu. Kinyozi hajinyoi, lakini hii sasa ni kinyozi mwenye chawa."

Mgonjwa mmoja mwanamke, pamba bado mkononi, alisema kwa sauti, "Ndiyo maana mimi kila nikichomwa napiga chafya! Wakadhani ni dawa, wakanipunguzia dozi mara mbili!"

"Nami nilipunguziwa!" mwingine akasema.

Daktari aliinama akaligusa benchi kwa ncha ya kidole, kama mtu anayegusa pasi kuona kama ni ya moto, kisha akawaomba wagonjwa wahamie kwenye viti vya mbao vya kule koridoni.

Fundi alisimama katikati ya ukumbi, kichwa kikimzunguka kuliko siku ile ya makochi hamsini na nane. Alikuwa amekuja kupima njia, akakuta kituo ndicho mgonjwa. Sasa benchi hili aliandike upande gani wa hesabu? Akichagua sindano, atakuja kukaa kwenye kitu kile kile anachotibiwa. Akichagua matone, kuna zile chaki mbili.

"Sista," alisema, "wanaotumia matone wanamaliza miaka mitatu?"

"Baadhi. Wengi wao siwajui, baba, ukweli ni huo. Wanachukua chupa, baadaye hawaji tena, sijui wamepona au wamesahau."

"Na wa sindano?"

"Nao wanaacha, wengi tu. Ila asipotokea siku yake, mimi ninamwona hayupo. Ninampigia simu."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe. Wananichukia." Alicheka. "Mmoja amenihifadhi kwenye simu yake kwa jina la Mdai."

Fundi aliitikia kwa kichwa, na safari hii alikuwa amesikia.

Jioni hiyo, kabla jua halijazama, alikaa mezani na karatasi safi. Barua ya kwanza aliichana kwa sababu ilianza kwa kuomba radhi, na hakuona kosa lake. Ya pili aliichana kwa sababu ilichagua matone kwenye mstari wa tatu na sindano kwenye mstari wa tisa. Mkewe alikuwa akichambua mchele upande wa pili wa meza.

"Jumanne nitakaa karakana mimi," mkewe alisema bila kuinua macho. "Nitapokea kazi, nitatoa vipande vyako, nitasema fundi anarudi saa saba. Yule kijana wa ng'ambo asinichezee."

"Na meza yako ya sokoni?"

"Itapumzika."

"Lakini hilo hatukulihesabu!" Fundi alichukua penseli. "Asubuhi zako arobaini na nane, ukiuza sufuria mbili kila..."

Mkewe alinyoosha mkono, akaichukua penseli, akaichomeka kwenye kilemba chake.

"Hesabu imelala, usiiamshe. Mume wangu, mimi nikikohoa kila asubuhi kwa miaka mitatu, nitaugua kweli. Andika kwa kalamu."

Akaandika kwa kalamu.

*Kwa Daktari. Nimepokea maelezo yako na nimeyafanyia majaribio kama ninavyofanya katika kazi yangu. Kuhusu gharama, nimeshindwa kujua ipi ni nafuu, na sasa kuna gharama nyingine ambayo nyumbani wamenikataza kuihesabu. Kuhusu usumbufu, nimeona kwamba mimi ni mtu wa kutimiza ahadi pale mtu mwingine anaponingoja. Kwa hiyo nachagua sindano, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi. Nikichelewa, sista anipigie.*

*Sharti langu ni moja. Siwezi kukaa nusu saa kwenye benchi lile, na hao wengine wasikalishwe pia. Sponji itupwe, isiuzwe wala kutolewa zawadi. Nimeambatanisha vipande vitatu vya ngozi ya plastiki inayofutika. Vitandikeni, mvikalie wiki nzima, ndipo mchague. Kufumua la zamani afanye mtu mwingine, nje, akiwa amefunga pua. Kuvisha jipya nitavisha mimi. Bei tutaelewana, na siku ya kukabidhi nikiitaja haitanipita. Karakana yangu sifungi.*

Alitia sahihi, ile ndefu aliyoifanyia mazoezi ukurasa mzima enzi za shule ya jioni. Kisha alikata vipande: cha kijani, cha kahawia, na cha bluu ambacho yeye mwenyewe asingekichagua, lakini haki ni haki. Alipovitia kwenye bahasha, bahasha ilivimba na gundi yake ikakataa kushika. Alikwenda karakana akaleta gundi ya makochi, akapaka ukingo kwa brashi nyembamba, akakandamiza, akaweka juu yake nyundo mbili na kopo la misumari, akangoja. Alitazama saa. Alingoja nusu saa kamili, ingawa gundi ile hushika kwa dakika kumi.

Asubuhi, karani wa posta aliipima bahasha kwa kiganja.

"Mzee, hii itataka stempu mbili. Kuna nini humu?"

"Jibu."

"Mbona nene hivi?"

"Lina sampuli."

Karani alizibandika stempu, akazigonga muhuri, akaitupa bahasha kwenye kapu la barua zinazotoka. Fundi alisimama kidogo dirishani, akijaribu kukumbuka kama kipande cha bluu kingeonekana kizuri chini ya taa ya ukumbi ule. Hakuwa na uhakika. Alipiga chafya, akaomba radhi kwa mtu wa nyuma yake, akaenda kufungua karakana.